Mtu wa Lick Fork Hajisifu

Huku Lick Fork, ukimkuta mtu amejijengea nyumba kwa mikono yake, kuanzia msingi hadi bomba la moshi, kisha ukampa hongera, atatazama chini akwambie, "Aa, nimegongelea vibao viwili vitatu." Clovis Mounts alichukua kombe la fidla la jimbo zima la West Virginia, na kombe lenyewe anawekea misumari bandani. Ukimuuliza habari za fidla anasema anakwaruza tu. Ndivyo tulivyolelewa. Baba zetu walishuka mgodini pamoja, na kule chini mwenye majigambo ndiye aliyeponza wenzake, kwa hiyo majigambo yakapigwa marufuku hata huku juu, hata mezani, hata kanisani. Na kumsifu mwanao au ndugu yako wa damu ni kujisifu vilevile, ila umepitia mlango wa nyuma.

Desturi nzuri sana hiyo, sina ugomvi nayo, ila mwaka juzi nusura itunyime kiwanda.

Aliyekihangaikia kiwanda hicho alikuwa Arvella Crabtree, mjane wa miaka hamsini na tisa, mwenye duka la rangi na mabomba pale njia panda, na mwenyekiti wa halmashauri ya kaunti kwa tiketi ya chama cha Republican. Zamani kaunti hii ilikuwa ya chama cha Democrat mpaka kuku wake. Arvella alihama chama miaka ishirini na mitano iliyopita, na kaka yake, Hobert Stiltner, hajamsamehe mpaka kesho. Ukutani kwa Hobert bado ipo picha ya yule rais wa Democrat aliyeleta nyaya za umeme mabondeni, tena imetundikwa juu kuliko picha ya harusi yake.

Siasa ya Arvella ilikuwa fupi, na aliirudia dukani mpaka wateja wakaikariri. Serikali haiwezi kukulisha wewe na mwanao na jirani yako milele. Punguza kodi, futa vibali visivyo na kichwa wala miguu, mpe mwenye mtaji ile ardhi ya mgodi uliofungwa, kisha mpishe afanye kazi.

"Mpishe!" Hobert alikuwa akimjibu, ameegemea kaunta na kikombe cha kahawa ambacho hajawahi kukilipia. "Mwenye mgodi tulimpisha miaka themanini, Vella. Akabeba makaa, akatuachia shimo na kikohozi."

"Ndiyo maana huyu atakayekuja tumemwandikia masharti, kaka. Akifunga kabla ya miaka kumi, ardhi inarudi."

"Na nyinyi matajiri mmeanza lini kuwaandikia matajiri wenzenu masharti?"

"Tajiri gani anayeuza misumari kwa kilo? Lipa kahawa."

Halipi. Anacheka, anavaa kofia yake, anaondoka.

Lakini Arvella alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuirudia dukani. Mwanawe wa pekee, Denzil, alikuwa Columbus, Ohio, akipakia maboksi ghalani, yeye na mkewe na binti yao mdogo, Junie. Mji wetu uliishiwa vijana hivyo hivyo, mmoja mmoja, hadi timu ya mpira ya shule ikakosa watu wa kucheza na shule yenyewe ikafungwa. Denzil alikuwa amemwambia mama yake waziwazi. "Mama, kiwanda kikija, narudi kesho yake. Kisipokuja, Ijumaa nasaini karatasi za nyumba huku, na nikishasaini ndiyo basi tena. Junie anaanza shule." Arvella alimwelewa mwanawe, akamwambia amefikiri vizuri, akakata simu, akaenda kulia stoo nyuma ya makopo ya rangi.

Wiki hiyo hiyo ndipo alipofika Bwana Brill.

Bwana Thaddeus Brill alitumwa na kampuni moja ya pampu kutoka Connecticut. Kijana mstaarabu, shingo nyembamba, viatu vya kutembelea zulia. Sharti la kampuni lilikuwa moja. Wakipata watu themanini wenye ujuzi kwa siku mbili za usaili, Jumatano na Alhamisi, kiwanda ni chetu. Wasipopata, kuna kaunti moja kule Tennessee imeshasafisha kiwanja na inasubiri.

"Themanini?" Arvella alicheka kwa furaha. "Bwana Brill, huku hata mchungaji anajua kuchomelea vyuma. Utachoka wewe kuandika."

Usaili ulifanyika katika ukumbi wa michezo wa ile shule iliyofungwa. Bwana Brill aliweka meza chini ya goli la kikapu, na pembeni akaiwasha pampu moja ya kampuni yake, ya rangi ya buluu, izungushe maji ndani ya pipa, watu waone kitakachotengenezwa. Arvella alileta kahawa na mikate ya soseji, akakaa mlangoni. Watu walikuja tangu saa mbili asubuhi, wamenyoa, wamevaa mashati ya mazishini. Alipowaona moyo wake ulijaa, akajisemea, Ijumaa Denzil hasaini kitu.

Saa kumi jioni Bwana Brill alimwita pembeni. Hakuwa na raha.

"Mama Mwenyekiti, nimewaona watu sitini na mmoja. Waliofaa ni wawili."

"Wawili kivipi?"

"Swali letu ni rahisi tu. Jipe alama, moja hadi kumi, katika kazi unayoiweza. Kampuni haichukui aliye chini ya saba." Akamgeuzia kompyuta yake ya mkononi, kile kibao cha kioo, asome. "Huyu, Hobert Stiltner, kachomelea miaka thelathini, kajipa nne. Huyu, Virgil Lawson, fundi wa mota. Tatu. Nikamuuliza anaweza kutengeneza mota ya aina gani, akasema, 'Nimewahi kufungua moja.'"

Arvella alimrudishia kibao. "Na hao wawili waliofaa?"

"Wa kwanza ni dada mmoja aliyehamia hapa kutoka Texas. Wa pili ni Lonnie Crum. Huyo ni hazina! Kachomelea, umeme, mitambo, kote kajipa kumi. Anasema aliwahi kurekebisha manowari."

Jamani. Lonnie Crum! Lonnie ambaye akibadilisha balbu nyumba nzima inaingia gizani! Lonnie ambaye bahari hajaiona ila kwenye kalenda! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku ile Lonnie alikuwa ametembea hadi kwenye orodha ya kampuni.

"Bwana Brill, hawa watu hawasemi..."

"Nasikitika, mama. Kwa kweli. Kesho nitakaa kwa kuwa nimeahidi, lakini nimeshawaandikia makao makuu kuwa huenda tukaenda Tennessee."

Arvella alipanda pikapu yake na kuendesha moja kwa moja hadi kwa Hobert. Alimkuta mezani anakula maharage na mkate wa mahindi. Hakubisha hodi.

"Nne! Hobert Stiltner, umejipa nne?"

"Habari za jioni na wewe."

"Daraja la mtoni nani alilichomelea? Ulining'inia kwa kamba na theluji inaanguka! Wahandisi wa jimbo walikuja kulipiga picha! Na unajipa nne?"

Hobert alimeza tonge lake. "Ulitaka niseme nini? Nikae pale na shati la mazishini nimwambie mtoto wa watu kuwa mimi ni kumi? Baba angetoka kaburini anizabe kofi. Nilifikiria tatu, nikaona nitamdanganya, nikaweka nne."

"Na Virgil kajipa tatu!"

"Virgil?" Hobert aliweka kijiko chini. "Tatu? Huyo ana wazimu. Vella, Virgil akisikia mota kwa mbali anakwambia inaumwa nini. Pale mgodini walikuwa wakimwamsha nyumbani waweke simu karibu na mashine, anasikiliza, anasema, 'Ni ule mkanda wa kushoto,' anarudi kulala. Na leo pia! Tumekaa pale ukumbini tunangoja, ananinong'oneza kuwa ile pampu ya yule kijana ina beringi iliyokufa, haimalizi wiki."

"Kwa nini hakusema?"

"Amwaibishe mgeni mbele za watu? Wewe vipi?"

Arvella alivuta kiti akaketi. Kaka yake aliendelea. Kutoka kwa Virgil akaenda kwa Opaline Justus, mwanamke aliyefunga nyaya za umeme za kanisa akiwa na mimba ya miezi minane, kutoka kwa Opaline akaenda kwa Clovis ambaye anachonga chuma mpaka unywele haupiti. Robo saa nzima, na maharage yakapoa. Huyu mtu aliyeshindwa kusema neno moja juu yake mwenyewe, kwa wenzake alikuwa na ulimi wa mhubiri.

"Kaka," alisema Arvella polepole, "kesho utakwenda tena."

"Nikafanye nini? Nijipe tano?"

"Ukakae pembeni ya Virgil. Yeye afunge mdomo, wewe ufungue. Kisha Virgil akusemee wewe."

Hobert alikuna kidevu. Alitafuta kasoro katika jambo lile, maana lilikuwa limetoka kwa Republican, lakini hakuiona. "Virgil si damu yangu," alikubali. "Hapo hakuna aliyejisifu."

Basi Arvella akashika simu palepale jikoni kwa kaka yake. Aliwapigia watu sitini, na wao wakawapigia wengine. Neno lilikuwa moja tu. Njoo na jirani, asiwe wa damu yako, na ukimsema mwenzako usimbanie.

Asubuhi ya Alhamisi Bwana Brill alifungua mlango wa ukumbi akakuta watu mia moja na kumi, wawili wawili, wengine wameleta viti vyao. Alifikiri wamekuja kumfanyia fujo. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Usiogope, mwanangu," alisema Arvella. "Leo hakuna anayejipa alama. Jirani ndiye atakayesema."

"Lakini fomu yetu..."

"Fomu itasubiri. Wasikilize kumi tu. Ukiona upuuzi, nitakuendesha mwenyewe hadi uwanja wa ndege."

Wa kwanza kukaa walikuwa Hobert na Virgil. Virgil alitazama viatu vyake. Hobert alivua kofia.

"Huyu unayemwona hapa," alianza, "ni mvivu wa kuzaliwa."

Bwana Brill alisimamisha kalamu. Arvella pale mlangoni akafumba macho.

"Mvivu kabisa. Hapendi kurudia kazi. Kwa hiyo akitengeneza kitu leo, hutamwona tena pale miaka kumi, maana kitu hakiharibiki. Na ni mchoyo wa maneno. Hiyo pampu yako ya buluu, bwana, beringi yake imekufa. Jana alikaa nayo saa tatu nzima bila kukwambia. Muulize ni ya upande gani."

Virgil aliwaka masikio. "Ya nyuma," alisema chini kwa chini. "Samahani."

Bwana Brill alitabasamu kwa adabu, akasema pampu ile imetoka kiwandani mwezi uliopita na imekaguliwa mara tatu. Hakuna aliyembishia. Ukimya wenyewe ulimfanya ainuke. Aliizima pampu, na Virgil akatoa mfukoni spana, maana huku hakuna anayetoka nyumbani bila spana. Dakika kumi baadaye ile beringi ilikuwa mezani, juu ya leso, na vigololi vyake viwili vimeliwa kama peremende.

Kijana wa Connecticut aliiangalia beringi, akamwangalia Virgil, akaiangalia tena beringi.

"Umejuaje?"

"Nimewahi kufungua moja," alisema Virgil.

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko, na Bwana Brill naye akacheka hadi akavua miwani. Kuanzia hapo kazi ikawa kusikiliza tu. Opaline alisemwa kuwa ni mkorofi asiyesikia la mtu, ndiyo maana mkaguzi alipomwambia nyaya za kanisa ziko sawa yeye alizing'oa na kuzifunga upya, na kweli panya alikuwa ametafuna moja ndani ya ukuta. Clovis alisemwa kuwa ana roho mbaya kwa vyuma, haachi hata unywele upite. Ilipofika zamu ya Virgil kumsema Hobert, alitamka sentensi moja, "Nimevuka daraja lake kila siku miaka kumi na tisa na sijawahi kufikiria chini kuna mto," kisha akakaa. Bwana Brill aliandika mpaka akaomba kalamu nyingine.

Lonnie Crum alikuja peke yake. Alizunguka ukumbi mzima akitafuta wa kumsemea, watu wakatazama dari. Arvella alimhurumia, si ndugu wala rafiki, ila binadamu ni binadamu.

"Bwana Brill, huyu usimpe hata bisibisi," alisema. "Lakini jana alikuuzia manowari, na ulinunua. Mpe akauze pampu."

Lonnie alisema hilo ndilo alilokuwa akilifikiria tangu mwanzo.

Ilipofika saa tisa alasiri orodha ilikuwa na watu themanini na saba. Bwana Brill alitoka nje kupiga simu Connecticut. Hakuna aliyekula, hakuna aliyecheza na simu yake. Arvella alisimama kando ya meza ya kahawa akifuta mahali palepale kwa kitambaa. Alimfikiria Junie, na karatasi zile za nyumba, na kesho Ijumaa.

Bwana Brill aliporudi alikuwa ameinua simu, mkuu wake akisikika kwa sauti kubwa, mama mmoja mwenye haraka. Majina ameyakubali, alisema. Amebakiwa na swali moja la bodi. Viwanda vinakimbia mahali ambapo viongozi ni vigeugeu. Je, huyo mwenyekiti ni mtu wa namna gani? Amefanya nini hasa kuleta kazi hii?

Macho yote yakamgeukia Arvella. Ukumbi mzima ulijua jinsi jibu lilivyotakiwa kuwa. Na yeye, Mungu amsamehe, alifungua mdomo na yakatoka yaleyale ya damuni.

"Aa, si kitu. Tulipunguza kodi kidogo. Nilipiga simu mbili tatu."

Simu ikasema, "Ndiyo hivyo tu?"

Kiti kililia sakafuni. Hobert alikuwa amesimama, ameikunja kofia yake mikononi.

"Mama wa kwenye simu," alisema, "mimi ni Hobert Stiltner. Huyu mwanamke ni dada yangu, na huku mtu hamsemei ndugu yake. Lakini alihama chama cha baba yetu, na siku ile nilimwambia yeye na mimi si ndugu tena. Kwa hiyo leo naruhusiwa."

Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, akajizuia.

"Simu mbili tatu ni uongo. Miaka minne amepiga simu, kila asubuhi kabla ya kufungua duka, kampuni baada ya kampuni, na nyingi zilimkatia. Nilikuwepo, nakunywa kahawa yake ya bure. Amekwenda serikalini Charleston mara kumi na nne kwa pikapu isiyo na joto, miguu kaifunga magunia. Wakubwa wa chama chake mwenyewe walimwambia kaunti hii imekufa, akaenda kukaa mlangoni kwao siku mbili na mkate mkononi mpaka wakasikiliza. Alipopunguza zile kodi tulimtukana. Mimi nilimtukana, hapa hapa, kwa kipaza sauti. Hakujibu. Kesho yake aliniletea supu kwa kuwa nilikuwa na mafua. Ni king'ang'anizi, ni msumbufu, anakosea kila jambo la siasa isipokuwa hili moja. Nimempigia kura ya hapana mara tatu, na ya nne iko njiani. Lakini akikwambia atakuwepo, mama, atakuwepo."

Arvella hakuona kitu mbele, machozi yalikuwa yamejaa. Maisha yake yote hakuwahi kumsikia kaka yake akisema hivyo, wala hakuwahi kujua kuwa alikuwa akihesabu zile safari.

"Ahsante, Bwana Stiltner," ilisema simu, na sauti ilikuwa imelainika. "Bodi hupenda namba. Moja hadi kumi, unampa ngapi?"

Hobert alitazama goli la kikapu. Alimtazama dada yake. Alifikiria sana.

"Nne," alisema.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Na Bwana Brill, ambaye kwa siku mbili alikuwa amejifunza hesabu za Lick Fork, aliinama juu ya kibao chake na kuandika kumi.

Simu ilipotamka kuwa kiwanda ni chetu, Arvella alitoka nje kwenye ngazi za shule, pua inamwagika, akampigia Denzil. "Usisaini," alisema. "Mwanangu, usisaini kitu. Njooni nyumbani."

Upande wa pili Denzil alisikika akimwita mkewe, na Junie akapiga kelele bila kujua ni za nini.

"Mama! Umefanyaje?"

"Aa, nimepiga simu mbili tatu."

"Muongo huyo!" Hobert alipaza sauti kutoka mlangoni, mkate wa soseji mkononi. "Na mwambie aje na makoti, kwangu kuna baridi. Nyumba yako ndogo, watalala kwangu."

"Chini ya ile picha yako?"

"Chini ya ile ile. Junie lazima alelewe vizuri."

Arvella alifuta macho kwa kiganja, akamwambia kaka yake kesho alipe kahawa, na Hobert akasema tutaona.